Msinitoe Nimesimama

Nyumba ya Fundi ilikuwa na vyumba viwili na meza moja, na katika hivyo vitatu, mkubwa alikuwa meza.

Ilikuwa meza ya kazi, pana kama kitanda cha watu wawili wasiogombana, ubao wake mzito, miguu yake imezikwa sakafuni kwa saruji. Fundi aliijenga mwenyewe humo humo chumba cha mbele, mwaka mafundi walipoondolewa kwenye vibanda vya barabarani ili mji upendeze. Mji ulipendeza. Nyumba ya Fundi ikabaki na njia ya futi moja na nusu kati ya ukingo wa meza na ukuta, kutoka mlango wa nje hadi chumba cha nyuma. Mlango mwingine haukuwepo. Zamani ulikuwepo, upande wa nyuma, mpaka mwenye nyumba alipogundua kwamba mlango haulipi kodi, akauziba kwa matofali na kupangisha chumba upande wa pili.

Njia ya futi moja na nusu huipiti kifua mbele. Walipita ubavu, tumbo ndani, mikono juu kama watu waliokamatwa. Mazoea yakawa tabia. Hata sokoni, penye uwazi wa kupita ng'ombe watatu, mke wa Fundi akikutana na mtu alijigeuza ubavu na kupita kama kaa. Majirani walimwita Mama Maranda, kwa sababu maranda ya randa hayakukosekana kichwani mwake hata siku za harusi. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Watu walidhani ni kwa ajili ya elimu. Likizo alilala chini ya meza, na akirudi shuleni alisema amepumzika.

Vitu vilivyotengenezwa humo havikutoka vikiwa vizima na vimelala hata siku moja. Kitanda kilitoka vipande vipande na kuungwa kwa mwenyewe. Kabati lilitoka limesimama, limekumbatiwa na wanaume wawili, mmoja akisukuma na mwingine akisema lete kushoto, si kushoto hiyo, kushoto yangu. Fundi alijivunia jambo hilo.

"Wenzangu wana karakana," alikuwa akisema. "Mimi nina akili."

"Karakana ndiyo ungeihitaji zaidi," mama yake alimjibu kutoka chumba cha nyuma.

Huyo ndiye Bibi. Alikuja kukaa nao baada ya kufiwa na mumewe, akaletwa na begi moja na kigoda, na kwa kuwa kigoda hakikupata pa kukaa, kilitundikwa ukutani juu ya kitanda chake kama picha ya marehemu. Kitanda chake kilitenganishwa na cha mwanawe kwa pazia. Alikuwa na miaka sabini na sita, miguu mibovu na ulimi mzima. Kutoka kitandani aliona, kupitia mlango, ukingo wa meza na kila kitu kilichopitishwa kando yake. Wengine wana redio.

Siku moja walipitisha kabati la nguo. Lilikwama, likakwangua ukuta, likainamishwa, likatukanwa, likatoka. Mama Maranda alipokuja kufagia, Bibi alimwita.

"Mwanangu."

"Abee, Mama."

"Siku yangu ikifika, msinitoe hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Nimesimama. Mmenikumbatia, mmoja ananisukuma makalio, mwingine anasema lete kushoto. Nimesimama vya kutosha duniani. Nitoeni nimelala."

Fundi alisikia, akacheka kwenye maranda yake. "Mama nawe. Siku hiyo bado."

"Bado, ndiyo maana nasema leo. Siku yenyewe nitakuwa kimya, na hilo mtalifurahia sana."

Walicheka wote watatu. Lakini Mama Maranda alikuwa mtu wa kubaki na neno. Jioni yake alimfuata mumewe pale kwenye meza.

"Ipunguze hii kitu."

"Ipi?"

"Hii tunayoiabudu. Nusu yake tu."

"Meza ya kazi haipunguzwi. Nikiipunguza, kabati nitalilaza wapi? Kichwani kwako?"

"Kichwani kwangu pana maranda. Mama amesema neno."

"Mama husema maneno kila siku. Tukiyafuata yote tutahamia kwenye mti." Akapuliza vumbi kwenye patasi. "Nitafikiria."

Aliendelea kufikiria kwa miaka miwili.

*

Wakili aliyekuwa na ofisi barabara ya pili alitaka kabati la mafaili. Alitaka refu, la mbao nzito, na alitaka Jumatano, kwa sababu mawakili hutaka siku za wenzao kama wanavyotaka saini. Fundi alimwambia inawezekana. Hakuwahi kumwambia mteja vinginevyo. Ukweli aliuweka kwa ajili ya mkewe.

Jumatatu asubuhi alipaka gundi kwenye maungio, akaliinua kabati juu ya meza, akalibana kwa vibano sita, vitatu vikiwa vimeshikiliwa kwenye meza yenyewe. Kichwa cha kabati kiligusa kenchi. Chumba kikajaa mpaka hewa ikatafuta pa kusimama.

"Lisiguswe mpaka kesho," alisema. "Mtu asipige hata chafya."

Saa tano Bibi alipiga chafya, kisha akakohoa, kisha hakuweza kuvuta pumzi. Mama Maranda alimkuta ameshika kifua kwa mikono miwili, macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi. Alimwinua, akamwegemeza kwenye mito, akapiga kelele. Jirani yao fundi cherehani, ambaye masikio yake hayakuhitaji kelele, alikuwa ameshakimbilia hospitali mtaa wa juu. Alirudi na wahudumu wawili waliobeba machela. Mmoja alikuwa mnene, mwingine alikuwa na haraka.

Walisimama mlangoni wakatazama ile njia.

"Hapa ndipo mnapopita?" aliuliza mnene.

"Ndiyo."

"Watu?"

Machela waliiingiza ikiwa imesimama wima, ubavu, wakaifungua chumba cha nyuma. Walimlaza Bibi, wakamfunga mikanda miwili, mmoja kifuani na mmoja mapajani. Kisha wakajaribu kutoka. Machela ikagonga ukingo wa meza upande huu, ikagonga ukuta upande ule. Wakarudi nyuma. Wakajaribu tena, kana kwamba ukuta ungekuwa umebadili mawazo.

"Tumpitishe juu," alisema mwenye haraka. "Juu ya meza. Toeni hilo kabati, tunapita na mgonjwa wenu amelala vizuri. Ni dakika moja."

Fundi alitazama kabati. Lilikuwa na saa moja na nusu tangu libanwe. Kulitoa ilikuwa ni kulegeza vibano vyote, na kulegeza vibano ilikuwa ni kuyafungua maungio na gundi ikiwa bado uji. Mbao ile ilikuwa imenunuliwa kwa malipo ya awali ya wakili. Nyingine haikuwepo.

"Limepigwa gundi sasa hivi," alisema.

Mnene alikaza mkanda wa kifuani.

"Nasema tu... hamwezi kusubiri kidogo?"

Mama Maranda aligeuza shingo akamtazama mumewe. Waliishi pamoja miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alikuwa amemtazama kwa hasira, kwa huruma, na mara chache kwa mapenzi. Jicho hili Fundi hakulifahamu, na hakulipenda.

"Tusubiri nini, mzee?" aliuliza yule mnene taratibu. "Ikauke?"

Fundi alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kibano cha kwanza. Hilo alikuja kulisema baadaye mara nyingi, kwamba mkono wake ulikuwa umeshafika. Lakini kutoka kwenye machela ilikuja sauti nyembamba, ya mtu anayenunua pumzi moja moja.

"Nisimamisheni," alisema Bibi. "Kabati la wakili lisije likapata mafua."

Basi wakamsimamisha. Mwenye haraka alishika upande wa kichwa, mnene upande wa miguu, wakaiinua machela wima, na Bibi akaning'inia kwenye mikanda yake, miguu yake miwili myembamba ikitafuta mahali pa kukanyaga. Walikwenda hatua kwa hatua. Shuka lilimpanda magotini, na mkwewe akawa anapita nyuma akilishusha.

"Lete kushoto," alisema mnene.

"Kushoto ipi?"

"Kushoto yangu."

Bibi alifumba macho. Walipopita usawa wa kabati, kitambaa chake cha bluu cha kichwa kilinasa kwenye kibano, kikavutika, kikabaki. Akatoka mlangoni mwa mwanawe kichwa wazi, amesimama, mbele ya majirani waliokwisha kujipanga kutoa pole.

*

Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Kilikuwa na nafasi pande zote mbili. Siku ya pili Fundi alikwenda na uji, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mikononi.

"Mama, unaendeleaje?"

"Lilikauka?"

"Nini?"

"Kabati."

Fundi alitazama kofia yake. "Lilikauka, Mama."

"Nashukuru. Nilikuwa sipati usingizi."

Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi. Mama Maranda hakugombana. Angegombana, Fundi angekuwa na la kujibu. Majibu alikuwa amekwisha kuyaandaa, yako matano, yote mazuri. Badala yake alipikiwa, akawekewa maji ya kuoga, akafuliwa. Usiku alipewa mgongo, na mgongo haujibiwi.

Jumatano wakili alikuja mwenyewe kuliona kabati kabla halijapelekwa. Alipita ubavu, akichunga suti. Alilizunguka kwa macho, kwa kuwa kwa miguu haikuwezekana. Kwenye ungio la chini alisimama.

"Fundi, hii ni nini?"

Ilikuwa nyuzi za bluu. Kitambaa kilikuwa kimeng'olewa, lakini upindo wake ulikuwa umezama kwenye gundi kati ya mbao na mbao, na msasa ulikuwa umeshindwa.

"Kitambaa."

"Naona ni kitambaa. Kinatafuta nini kwenye kabati langu?"

"Kilishikwa na gundi."

"Basi gundi yako ni nzuri," alisema wakili. "Mikono sijui." Akapunguza malipo ya mwisho kwa kiasi alichokiona kuwa sawa na upindo wa kitambaa, na upindo ule ukawa wa bei kuliko nguo zote za nyumba ile. Fundi hakubisha. Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha nyuma, alishangaa. Kwa kawaida angebisha mpaka apunguziwe zaidi.

Siku hiyo hiyo Mama Maranda alikwenda hospitali, na akiwa kwenye korido aliona machela imeegemezwa ukutani, ile ile, yenye mpini mmoja uliofungwa kwa kitambaa. Alitoa uzi kwenye mkoba, akaushika upande mmoja, akaunyoosha mpaka upande wa pili, akafunga fundo. Kisha akaupima kwa urefu. Fundo la pili.

Nesi alisimama. "Mama, unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Mume wangu ni seremala."

"Anataka kututengenezea nyingine?"

"Hapana, nesi. Hiyo yenu haina tatizo."

Alirudi nyumbani, akatundika uzi kwenye msumari ambao Fundi hutundikia futi yake ya kupimia, akaenda kuinjika chungu. Fundi alipokuja kuchukua futi, alikuta uzi. Aliushika. Aliona mafundo mawili. Mtu ambaye amepima mbao maisha yake yote haambiwi upana huu ni wa nini. Aliunyoosha kutoka ukutani kuelekea kwenye meza, na fundo likaangukia ndani ya ubao, mbali na ukingo, karibu shibiri nzima.

"Umezidisha," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu Jumatatu.

"Pima tena," alisema mkewe.

Alipima tena. Kisha akachukua penseli sikioni, akaongeza upana wa viganja viwili, akapiga mstari juu ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho, na akatoa msumeno mkubwa.

Fundi cherehani alisikia msumeno ukilia kwa siku mbili, akadhani kuna oda kubwa, akaja kupeleleza. Alimkuta Fundi amepiga magoti, anavunja saruji kwenye miguu ya meza kwa nyundo na patasi ya chuma.

"Jamani, kulikoni? Unahama?"

"Napunguza."

"Meza? Wewe si ulisema meza haipunguzwi?"

"Nilisema."

"Sasa makabati utayalaza wapi?"

Fundi hakunyanyua kichwa. "Nitayasimamisha," alisema.

*

Bibi alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, na alirudi kwa miguu yake, fimbo mkono mmoja, mkwewe mkono mwingine. Machela haikuhitajika. Alisimama mlangoni akatazama chumba cha mbele. Kati ya meza na ukuta palikuwa na futi tatu za sakafu tupu, zenye makovu mawili ya saruji mpya.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna, Mama," alisema Fundi.

"Mbona pameachwa peupe namna hii?"

"Nimepunguza meza."

"Kwa sababu gani?"

Fundi alikuna shingo. Mama Maranda hakumsaidia.

"Upite, Mama."

Bibi aliingia taratibu, kifua mbele, akapita mpaka chumba cha nyuma, akageuka, akarudi mpaka mlangoni. Alipita tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kutembea ndani ya nyumba ile kwa starehe.

"Meza nzuri kama ile," alisema. "Unaikata kwa ajili ya mtu anayetembea. Hukuikata nilipobebwa." Akaketi kitandani, akavua viatu. "Nipeni kigoda changu."

Kigoda kilishushwa ukutani. Bibi aliagiza kiwekwe pale, kwenye zile futi tatu, mgongo ukutani, na akakalia. Kesho yake akakalia tena. Ikawa ndiyo kazi yake. Asubuhi mpaka jioni alikaa pale, magoti mbele, akimsimamia mwanawe na kumhesabia makosa. "Ubao huo umepinda." "Haujapinda, Mama." "Basi nimepinda mimi." Wateja walimsalimia kwanza yeye, na wengine walianza kumuuliza bei.

Na kwa kuwa magoti yake yalifika katikati ya njia, njia ikarudi kuwa futi moja na nusu. Wote wakaendelea kupita ubavu.

"Tembeeni kama watu," aliwaambia. "Nafasi si ipo?"

"Ipo, Mama," alisema Fundi, akimpita ubavu, ubao kichwani.

Siku moja, Mama Maranda akiwa anapepeta mchele mlangoni, alimsikia Fundi akisema kitu ambacho hakukitarajia.

"Mama. Siku ile mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kibano."

Randa ilikuwa imesimama.

"Nilikuona," alisema Bibi. "Mkono wako mzuri. Ni mdomo ndio uliofika kwanza. Huo umeurithi kwangu. Haya, piga randa, mchana hausubiri."

Aliishi miezi minne zaidi. Asubuhi moja hakuomba kigoda.

Sanduku lake Fundi alilitengeneza mwenyewe, juu ya nusu ya meza iliyobaki. Hakutaka la kununua, na hakutaka msaada. Alipimia kwenye ule uzi wenye mafundo mawili. Majirani waliotaka kujua kama atalitoa vipande vipande waliona haya kuuliza, isipokuwa fundi cherehani, ambaye aliuliza.

"Litatoka zima," alisema Fundi.

Likatoka zima. Kilikuwa kitu cha kwanza kutoka katika nyumba ile kikiwa kizima na kimelala tangu walipohamia. Wanaume wanne walilibeba, wawili mbele na wawili nyuma, hawakuliinamisha, hawakuligonga popote, na hakuna aliyesema lete kushoto. Pande zote mbili palibaki kiasi cha upana wa kiganja. Fundi alikuwa akivitazama vile viganja viwili vya hewa mpaka wakafika nje.

*

Mwaka uliofuata wakili alirudi. Alitaka kabati la pili, kubwa kuliko la kwanza. Alisema mafaili yameongezeka, dhuluma zikiwa nyingi, Mungu ashukuriwe. Alisema pia kwamba lile la kwanza halijalegea hata kidogo, na kwamba zile nyuzi amejaribu kuzing'oa kwa koleo zikamshinda.

"Usizing'oe," alisema Fundi.

"Sizing'oi tena. Sasa, hili unaweza kwa Ijumaa?"

Fundi alitazama meza yake nyembamba. "Kubwa hivyo haliwezekani hapa. Nafasi hakuna."

Mama Maranda, aliyekuwa ameketi kwenye mlango wa chumba cha nyuma akishona kifungo, aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mumewe akimwambia mteja ukweli.

Wakili alicheka. Alionyesha kwa kalamu zile futi tatu za sakafu kati ya meza na ukuta. Hapakuwa na ubao uliolazwa hapo, wala ndoo ya gundi, wala gunia la maranda, ingawa mbao zilikuwa zimejaa chini ya kitanda, juu ya kenchi, na nyingine zimeegemezwa mpaka kwenye mto wa kulalia. Kigoda kilikuwa kimerudi kwenye msumari wake chumba cha nyuma.

"Na hapo?" aliuliza. "Hapo si nafasi hiyo? Lijenge hapo."

"Hapo pana mwenyewe," alisema Fundi.

Wakili alitazama sakafu, akamtazama Fundi, akamtazama mkewe aliyekuwa amerudia kifungo chake. Watu wake wote wa kazi walikuwa wenye kueleza mambo kwa urefu, na alingoja aelezwe. Hakuelezwa. Fundi alimtangulia kumsindikiza, na alipofika pale katikati ya njia alijigeuza ubavu, akavuta tumbo, akapita taratibu kama mtu anayekwepa magoti.

Wakili akasita kidogo. Kisha naye akakusanya suti yake, akageuka ubavu, akapita.